Kitabu Nilichomkatalia Amani

Nikiikumbuka siku ile, huanza na watu waliokuwepo, maana kila mmoja wao alisikia nilichosema na hakuna hata mmoja ninayeweza kumficha. Nilikuwepo mimi, Riziki, mkubwa wa watoto watatu wa mama yetu. Alikuwepo mdogo wangu Amani, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, na mdogo wetu wa mwisho, Furaha, wa miaka kumi na tano, aliyekaa kwenye ngazi akijifanya anafanya kazi ya shule. Alikuwepo Papa Zakaria, mzee katika kanisa letu la Wakongomani, na mkewe Mama Odette. Wa sita alikuwa jirani yetu Bi Zuhura, Mwislamu wa Unguja, ambaye alikuja kurudisha sufuria, akakaribishwa chai, akakaa. Ilikuwa Jumamosi mchana, mvua inanyesha, katika nyumba tuliyopewa na halmashauri huku Kingstanding, Birmingham, Uingereza. Kilichotukutanisha ni kitabu.

Mwanangu, wewe uliyekuja kuniuliza habari ya kitabu, unaweza kushangaa kwamba watu wazima walikalia kikao kwa ajili ya kitabu. Lakini hicho kilikuwa cha pauni sitini na tano, na kilihusu mahali ambapo Biblia inajipinga. Mimi sikuwa na kitu kingine nilichowapa wadogo zangu ila Biblia. Shule niliiacha darasa la tano, mwaka aliozaliwa Amani. Mama alihitaji kurudi sokoni Uvira kuuza mawese, na mtu wa kumbeba mtoto nilikuwa mimi. Nilimbeba mgongoni mpaka alipoweza kukimbia. Baba alipouawa, na baadaye mama alipofariki, niliendelea kumbeba kwa namna nyingine, yeye na Furaha, kambi hadi kambi, mpaka tukafika Birmingham kwa njia ndefu ambayo sitaieleza hapa. Kila jioni, popote tulipokuwa, nilisoma mistari michache kwa Kiswahili na tukaomba. Siku nyingine hatukuwa na chakula, lakini maombi hayakukosekana.

Miaka ile ya elfu mbili nilifanya kazi Aston, katika kiwanda kinachofua mashuka ya hoteli. Amani alikuwa chuoni. Siku moja alinipitia kazini, akaniomba twende mjini kabla ya kurudi nyumbani, anionyeshe kitu. Alinipeleka kwenye duka kubwa la vitabu, ghorofa ya juu, akakitoa rafuni kwa mikono miwili. Kilikuwa kinene, jalada la kijani, maandishi madogo ya Kiingereza yaliyojaa ukurasa. Nilikigeuza nyuma nikaona bei.

"Kinasema nini?" nilimuuliza.

"Kinaonyesha mahali Biblia inasema mambo mawili tofauti, Yaya. Halafu kinatafuta sababu." Yaya ndivyo kwetu mdogo anavyomwita dada yake mkubwa.

Nilikirudisha rafuni kama mtu anayerudisha sahani ya moto. Nikamwambia nitafikiria. Alifurahi, kwa sababu kwa kawaida nikisema nitafikiria huwa nimeshakubali. Pesa nilikuwa nayo, usije ukadhani umaskini ndio uliokataa. Nilikuwa nimeweka akiba ya zulia la sebuleni, na zulia lingeweza kungoja.

Sikulala vizuri wiki ile. Kwetu, jambo la kijana likimshinda mkubwa wake huitwa kikao. Mkubwa anaeleza, wageni wanauliza, kijana anajibu. Mwisho mkubwa anatoa neno lake, na akishalitoa, kijana haongezi kitu. Anashukuru, kisha anawahudumia waliokuja. Ni desturi nzuri, imeokoa ndoa na imerudisha watoto nyumbani. Lakini ina upande mmoja ambao sikuuona mpaka uliponiumiza: neno la mwisho likiwa baya, halina wa kulirekebisha.

Papa Zakaria alifungua kwa sala fupi. Kisha akamgeukia Amani, aliyekaa kwenye kiti tulichokileta katikati.

"Mtoto wetu, yaya yako anatuita juu ya kitabu. Utuambie mwenyewe ni kitabu gani."

"Ni kitabu tu, Papa."

"Kitabu tu haiwezi kuwa pauni makumi sita na tano," alisema Mama Odette. "Kwa bei hiyo ingepaswa ifue na nguo."

Furaha alicheka kule ngazini. Hata Amani alitabasamu.

"Iko na kila mahali penye habari mbili hazipatane," alisema. "Kama wale wamama walienda ku kaburi asubuhi. Mmoja anaandika walikuta malaika mmoja. Mwingine anaandika walikuta wawili. Mwenye kitabu anauliza sababu gani."

"Na wewe ukijua malaika walikuwa wangapi, itakupatia kazi?"

"Hapana, Papa."

"Itakupatia bibi?"

"Hapana."

"Huyo mke msimharakishe," alidakia Bi Zuhura. "Mie nimekuja kurudisha sufuria tu, si mambo yangu. Lakini jamani, mtoto hakuomba sigara. Kaomba kitabu. Wangu mie ukimwonyesha kitabu anakimbia kama umemletea sindano."

Walicheka wote isipokuwa mimi. Mimi niliona aibu. Niliona aibu kwamba Mwislamu amekaa sebuleni kwangu na anasikia kuwa Biblia yetu inahitaji kitabu cha kijani cha kuitetea. Bi Zuhura, Mungu amweke, hakuwa na neno hilo moyoni. Alikuwa anaangalia biskuti.

Papa Zakaria alimuuliza Amani swali ambalo lilipaswa kuulizwa na mimi. "Ni nini inakusumbua hasa? Umeacha kuamini?"

Amani akajibu, lakini hakumwangalia Papa Zakaria. Aliniangalia mimi.

"Sijaacha. Minataka tu kujua kama watu wawili wanaweza kusema tofauti juu ya kitu kimoja, na pasikuwe mwongo kati yao."

Papa Zakaria alifuta miwani yake, akasema taratibu, "Riziki, mimi kitabu hicho kinanitia wasiwasi. Lakini huyu kijana hana kiburi. Ukitaka, kinunuliwe, nitakuwa nakuja Jumamosi tunasoma pamoja. Lakini wewe ndiye mama na baba hapa. Neno ni lako."

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo, mwanangu. Mzee wa kanisa mwenyewe aliufungua. Niliufunga kwa mkono wangu.

Ili uelewe nilichosema, lazima ujue jambo lililotupata miaka mitano kabla. Tulipofika nchi hii tuliomba hifadhi. Walituhoji mimi na Amani, kila mmoja chumba chake. Amani alikuwa na miaka kumi na minne. Baada ya miezi, barua ikaja kwamba tumekataliwa, kwa sababu maelezo yetu juu ya kifo cha mama yanapingana. Mimi nilisema mama alikufa kwa homa njiani, nikiwa nimemshika mkono, na nilimfunika kwa kitenge kabla ya kuondoka. Amani alisema mama alikuwa hai tulipomwacha. Tulikata rufaa. Mwanasheria wetu alimweleza hakimu kwamba kijana alikuwa na miaka minane wakati ule, alikuwa na njaa na hofu, na kumbukumbu ya mtoto wa hivyo si ya kutegemewa. Hakimu akakubali. Akaandika kwamba dada ni shahidi wa kuaminika na mdogo wake alikosea. Tukapata karatasi za kuishi hapa. Wakongomani wote wa kanisani walijua kisa hicho, na watu walikuwa wakimtania Amani kwamba nusura aturudishe sote kwa mdomo wake. Alikuwa anacheka nao.

Sasa rudi sebuleni. Wote wananingoja. Nikasema:

"Kitabu hicho hakitaingia katika nyumba yangu. Na wewe, Amani, ndiye wa mwisho wa kutuuliza habari ya maneno yanayopingana. Maneno yako yalishapingana na yangu mara moja, na unajua yalitufikisha wapi."

Mama Odette alisema "Riziki" kwa sauti ya chini. Bi Zuhura aliacha biskuti yake. Neno la mwisho lilikuwa limetoka.

Amani alisimama. Akasema, "Asante, Yaya. Asante, Papa. Asante, Mama." Akaenda jikoni, akaleta chai, akammiminia kila mtu, akianza na wageni na kumaliza na mimi. Aliniwekea sukari vijiko viwili kama ninavyopenda. Wageni walipoondoka aliosha vikombe vyote.

Kabla ya mwisho wa mwezi aliniambia ameacha chuo, amepata kazi ya ghala katika mji wa kaskazini. Alipiga magoti nikamwombea, kama desturi. Nilimwombea ulinzi, kazi, afya na mke mwema. Ungekuwepo ungesema huyu ni mkubwa anayempenda mdogo wake, na ungekuwa umesema kweli.

Furaha ndiye aliyenieleza kwa nini Amani alikitaka kitabu. Alikuwa anakunja nguo, na yeye, tofauti na Amani, akiwa na hasira huwa haiweki moyoni. Alichanganya Kiswahili na Kiingereza kama kawaida yake, nami naandika nilivyoelewa. Alisema kwamba Amani aliitunza nakala ya ile barua ya kukataliwa kwa miaka yote mitano. Aliisoma mara nyingi mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Alikuwa amepiga mstari chini ya aya moja tu, ile inayosema kwamba maelezo mawili hayawezi kuwa kweli yote mawili, kwa hiyo mmoja wa hawa wawili hasemi ukweli.

"Alikuwa anatafuta namna mnaweza kuwa sawa nyote wawili," Furaha alisema. "Si kwa ajili yake, Yaya. Alishakubali kwamba yeye ni kichwa kibovu. Lakini usiku alikuwa anamwona Mama ameinua mkono. Alisema akipata njia ambayo wote mnasema kweli, basi hatahitaji kufikiri kwamba wewe ni mwongo."

Mwanangu, nitakuambia sasa kile ambacho hakimu hakukisikia.

Mama alikuwa hai. Alikuwa na homa, ndiyo, na miguu ilikuwa imevimba, na tulikuwa tunakimbia na watu wengi. Alikaa kando ya njia akasema hawezi tena. Akaniambia nichukue watoto niende nao, atapumzika kisha atatufuata. Alijua hatafuata, na mimi nilijua. Nilimpa kitenge. Nikamweka Furaha mgongoni, nikamshika Amani mkono, nikaondoka. Sikugeuka. Amani aligeuka. Alimwona mama ameinua mkono. Alinivuta, akasema mama anatuita. Nikamwambia hatuiti, amelala. Kesho yake, alipouliza tena, nikamwambia mama alikufa mbele yetu na yeye hakuelewa. Alipoendelea kuuliza nikamwambia ni njaa inayomwotesha akiwa macho. Nilisema hivyo ili atembee. Mtoto anayemlilia mama aliye nyuma hatembei.

Siku ile uongo huo ulikuwa mkate, na sijutii kuutoa. Ninachojutia ni kwamba sikuuacha tulipofika mahali penye mkate. Nilipokaa mbele ya afisa, na mkalimani pembeni yangu, uongo ulikuwa na umri wa miaka sita na ulikuwa umeshakuwa mtu wa nyumbani. Sikuweza kutamka mbele ya wageni kwamba nilimwacha mama yangu kando ya njia akiwa hai. Basi nikamwacha Amani badala yake. Mara ya kwanza mbele ya afisa, mara ya pili mbele ya hakimu, na mara ya tatu sebuleni kwangu, kwa kinywa changu, mbele ya chai.

Unaniuliza kama sikuelewa swali lake siku ya kikao. Nililielewa. Si lote, lakini nilielewa linakoelekea, kama unavyojua kwamba mtu anapanda ngazi kuja chumbani kwako kabla hajabisha. Nikajiambia ni kwa ajili ya imani. Nikasema ni Mwislamu aliyekuwa sebuleni. Nikasema ni bei. Hofu ina maneno mengi mazuri ya kuvaa.

Nilirudi dukani baada ya miezi miwili, nikakinunua. Pauni sitini na tano kamili, hawakupunguza hata senti. Nilikibeba ndani ya basi nimekikumbatia. Kiingereza chake kilinishinda ukurasa wa kwanza, hivyo nikamwomba Furaha anisomee mahali wanapoeleza habari ya wanawake wa kaburini. Alisoma, akanieleza. Mwandishi anasema mashahidi wa kweli huweza kutofautiana, kwa sababu kila mmoja husimama mahali pake, na mmoja huona kilichofichika kwa mwenzake.

Nikamwambia, "Kumbe kuna jibu. Tumpelekee."

Furaha alifunga kitabu. Tulipomwacha mama, yeye alikuwa na miaka minne, hakumbuki kitu, ila alikuwa ameisoma barua. Akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, kama anayepima kila neno. "Yaya, wewe na Amani mlikuwa mmesimama mahali mbalimbali?"

Siku ile nilikuwa nimemshika Amani mkono. Tulikuwa tumesimama mahali pamoja.

Badala ya kumjibu nikatafuta karatasi ya kukifungia kitabu. Kitabu tulikipeleka posta hata hivyo, maana sikujua kitu kingine cha kufanya nacho. Amani alipiga simu kushukuru. Alisema ni kizuri. Alisema amekisoma chote na bado anafikiri. Sauti yake ilikuwa ya adabu, kama ya mtu anayeshukuru jirani kwa sufuria.

Umenijia kuuliza kama kitabu cha namna hiyo kinastahili bei yake, kwa sababu na wewe unatamani kukinunua na nyumbani kwako wanakukatalia. Nitakujibu wewe, halafu nitawajibu wao.

Wewe: kinunue kama unaweza. Imani ambayo haiwezi kukaa chumba kimoja na kitabu ni imani iliyokwisha kuhama. Papa Zakaria aliliona hilo kabla yangu, na hakuwa amesoma zaidi yangu. Lakini jiulize kwanza ni swali lipi linakupeleka dukani. Kama ni la malaika wangapi, utalipata jibu, au majibu matatu uchague. Kama swali lako lina mtu ndani yake, mtu anayekula nawe meza moja, usilipeleke dukani. Mwulize mtu huyo. Mwulize mara mbili. Akikasirika, mwulize mara ya tatu. Amani alikuwa na adabu mno, na adabu yake ilinisaidia mimi kujificha.

Na nyinyi wakubwa, mliobeba watoto ambao si wenu wa kuzaa: mtoto akikuletea swali mkononi, usiangalie kwanza swali. Angalia uso wake. Usimwitie watu wa kumkalia kikao kwa jambo ambalo jibu lake liko kinywani mwako peke yako. Na ule uongo uliompa mtoto siku ya hatari ili avuke, ukishavuka naye, mketishe umwambie. Mwambie akiwa bado mdogo, akiwa bado anaweza kukulilia na kukupiga ngumi za kitoto na kulala mapajani mwako. Usingoje awe mtu mzima mwenye heshima. Mtu mzima mwenye heshima atakumiminia chai.

Nakuombea, mwanangu, usimgeuze mdogo wako kuwa mwongo ili wewe uwe shujaa. Mungu akupe mdomo usioogopa sauti yake wenyewe. Akupe watu wanaouliza, na akupe muda wa kuwajibu. Wazazi walioachwa njiani bila kaburi wakuombee huko waliko, na wakuombee pasipo kinyongo.

Mimi bado nina deni. Amani ana mke sasa na watoto watatu, na msichana wake mkubwa amepewa jina la mama. Hupiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Huniuliza kama mgongo umepona, namwuliza kama watoto wanakula. Miaka inakaribia ishirini. Ninachotakiwa kumlipa ni maneno matatu tu, mama alikuwa hai, na kila Jumapili nikishika simu nayaweka mdomoni. Kisha yeye anasema, "Basi Yaya, ubaki salama," nami nasema, "Amina, Amani," na simu inakatika.